Ukuta wa Nyuma ya Nyumba ya Zipora

Hebu mwone Zipora anavyofika. Anatokea upande wa soko la Kagongwa, beseni la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, liko kichwani bila kushikwa, kitenge amekifunga kama mtu anayekwenda msibani. Vumbi la barabara ya malori limempaka miguu mpaka magotini. Kengele ya mapumziko imeshalia, watoto wamejaa uwanjani, na wengine wanamkimbilia wakidhani amekuja kuuza. Leo hauzi. Anapita katikati yao mpaka kwenye kibaraza cha ofisi ya walimu, anatua beseni, anapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Mayala," anajibu Mwalimu Bartholomeo. "Karibu kiti."

Zipora hakai. "Kuanzia leo, mwalimu, niite Mama Noela."

Mgeni angeona ni jambo dogo. Mwalimu Bartholomeo alivua miwani, akaishika mkononi. Alijua lilikotoka.

Mayala alikuwa mtoto wa kwanza wa Zipora. Alizaliwa mwaka wa njaa, na kwa Wasukuma jina hilo ndilo hutunza kumbukumbu ya njaa. Lakini mtoto mwenyewe hakuwa na njaa ila ya maandishi. Kabla hajaanza shule alisoma vipande vya gazeti vilivyofungia vitumbua. Alisoma maneno ya ubavuni mwa malori yanayotoka Isaka, mengine ya lugha za mbali, akayatamka hivyohivyo hata madereva wakacheka na kumrushia pipi. Baba yake, Ngassa, akirudi kutoka machimboni upande wa Geita, alimbeba mabegani akisema, "Wenzangu wanatafuta dhahabu ardhini, mimi yangu inatembea."

Akafika darasa la pili. Siku ya mahafali ya la saba, mkubwa mmoja alisahau ngonjera katikati, akasimama ameduwaa mbele ya wageni. Mayala akainuka alipoketi chini na wadogo wenzake, akaimalizia yote, na sehemu za wengine juu yake. Watu wakashangilia. Mgeni rasmi akauliza kwenye kipaza sauti, "Huyu mtoto ni wa nani?"

Zipora akasimama. Akapiga kigelegele, akasema mbele ya umati wote, "Ni wangu."

Wiki ile haikwisha. Homa ilianza kama homa za siku zote, shingo ikakakamaa, na walipofika hospitali ya Kahama daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo, na imewahi kufika kabla yao. Aliwaeleza kwa upole. Zipora alisikia, na alielewa. Lakini msibani, juu ya mkeka, wanawake walikuwa na maelezo yao.

"Daktari ameona homa," alisema mmoja. "Macho ya watu hakuyaona."

"Mtoto wa namna ile hatangazwi," akasema mwingine. "Unamfunika kama moto wa usiku. Wewe mayu, mama mzazi, ulisimama ukasema ni wangu."

Neno hilo lilimwingia Zipora, likakaa. Ngassa alirudi machimboni, akawa anaonekana mara mojamoja, kisha simu tu, kisha hata simu hapana.

Nyuma alibaki Noela, bado mdogo wa kubebwa mgongoni. Na Noela, ole wa mama yake, alikuwa zaidi ya kaka yake.

Sasa fikiria mwenyewe: mtu aliyeunguzwa na jua, akipata jani jingine changa, atafanya nini? Atalitia kivulini. Zipora alikataa kuitwa Mama Noela. Jina la aliye hai lisitajwe sokoni. Aitwe kwa jina la marehemu, maana huyo hakuna wa kumwonea kijicho tena. Noela alipoanza shule, mama yake alimkalisha jikoni akampa masharti. Mwalimu akiuliza, waache wengine wajibu kwanza. Ukiandika hesabu, acha moja au mbili zikose. Wakikuuliza umekuwa wa ngapi, sema wa katikati.

"Hata kama najua, mama?"

"Hasa kama unajua."

Lakini kipaji ni kama maji, hakikosi pa kutokea. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na ukuta unaotazama shamba la mahindi, hapapiti mtu. Noela alichukua mkaa jikoni akachora pale. Alichora malori na soko zima, alimchora Philomena muuza dagaa kinywa wazi akigombana na mteja, mpaka Zipora akajifunika uso kwa kanga asicheke kwa sauti. Alichora jua na mistari inayoonyesha kwa nini kivuli cha kihenge cha nafaka hurefuka jioni, jambo ambalo hakufundishwa na mtu. Zipora alikaa juu ya kinu akatazama, na hapo, peke yao, alikuwa mama mwenye furaha kuliko wote Kagongwa. Kisha walikanda udongo, wakasiriba ukuta pamoja, ukawa mtupu. Kila Jumamosi hivyo.

Mwalimu Bartholomeo alikuwa wa kwanza kuhisi. Noela alipokuwa darasa la saba, mwalimu alikwenda kumtembelea Zipora. Akapewa kigoda na michembe.

"Meno yangu, mama, yamestaafu kabla yangu," alisema, akamumunya taratibu. "Nimekuja kwa habari ya binti. Swali linalolishinda darasa zima, yeye analipata. Halafu anakosa jumlisha ya darasa la pili. Mtoto asiyejua hakosi hivyo. Huyu anachagua pa kukosea."

"Labda anabahatisha."

"Kuna shule za watoto wa namna yake. Wanachukua wachache, kwa mtihani huu wa mwisho. Akiandika anayoyajua, atakwenda."

Noela alikuwa pale mlangoni anachambua maharage. Zipora alirudi siku ile ya ngonjera. Aliona umati wa mahafali, akasikia kipaza sauti.

"Mwalimu, wabeja, asante kwa kuja," alisema. "Lakini huyu wangu ni mzito. Tangu utotoni ni mzito."

Noela hakuinua uso. Aliendelea kuchambua, akatupa kijiwe kimoja nje, akaendelea.

Kutoinua uso kule ndiko kulikomnyima Zipora usingizi. Angelia, ingekuwa nafuu. Angenuna, ingekuwa nafuu. Mtoto ameitwa mzito na mama yake mwenyewe, akalipokea kama anavyopokea kikombe cha uji. Siku nyingi Zipora aliligeuza neno lile kifuani. Akaanza kuogopa kwamba mtoto huyu naye anazikwa, ila huyu anazikwa akitembea, na udongo anaukanda yeye mama.

Basi asubuhi ya mtihani alimwogesha Noela kama mtoto mdogo, akamshika mabega. "Leo, mama yangu, andika yote unayoyajua. Usiache hata moja. Nimeyafuta masharti. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Matokeo yalipotoka, Noela alikuwa amefaulu, wa katikati. Sekondari ya kata, kama wengi. Mwalimu Bartholomeo alileta habari mwenyewe, hakukaa hata kigodani. Zipora alimngoja akaondoka, kisha akamwita mtoto nyuma ya nyumba.

"Yalikuwa magumu?"

"Hapana."

"Nilikwambia uandike yote."

Noela alikwangua udongo wa ukuta kwa ukucha. "Mayala aliyasema yote," akajibu. "Akafa, wewe ukabaki na mimi. Mimi nikiyasema yote, mama, utabaki na nani?"

Na tangu siku hiyo ukuta haukuchorwa. Zipora huchagua vipande vya mkaa laini, akaviweka chini ya ukuta. Umande huvilowesha, kuku huviparua. Noela huenda sekondari, hurudi, hupika, husema "sijui" kwa sauti nzuri yenye adabu. Walimu wapya wanamsifu kwa utulivu. Zipora alijaribu hata sokoni, akatangaza kwamba sasa yeye ni Mama Noela, na Philomena akamcheka: "Kubadilishwa jina uzeeni, kwani wewe ni lori la wizi?" Wote wakacheka. Zipora naye akacheka, akakunja meza mapema, akajitwika beseni, akaja shuleni. Ndipo ulipomwona.

"Mwalimu," alisema pale kibarazani, "wewe uliona. Mimi nilimfundisha kushusha mkono. Nisaidie umfundishe kuunyoosha."

Mwalimu Bartholomeo alivaa miwani yake, akaivua tena. "Mama Noela," akasema, "usijitwike yote peke yako. Mimi niliona tangu la nne. Nikasema, darasa limejaa, huyu hanisumbui, ngoja nishughulike na wanaoshindwa. Asiyesumbua tunamwacha. Nilikuja kwako wakati jua limeshazama."

Jumamosi alikuja, chaki mfukoni. Noela akamwamkia, akamletea kigoda nyuma ya nyumba. Mwalimu akachora lori ukutani, lori bovu kabisa, bodi imepinda, na gurudumu la nyuma hakulitia, makusudi.

"Mkono wangu huu," alisema, "hata mke wangu anaucheka. Noela, nimekosea wapi?" Akamnyooshea chaki.

Zipora alisimama pembeni ya kihenge. Noela alilitazama lile lori muda mrefu. Macho yake yalikwenda pale pasipo na gurudumu, yakatulia hapo, yakarudi kwa mama yake.

"Sijui, mwalimu," alisema. "Limekaa vizuri."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Lakini Zipora, kwa alipokuwa amesimama, aliuona mkono wa kulia wa binti yake ukining'inia ubavuni mwa sketi. Kidole kimoja kilikuwa kinazunguka juu ya kitambaa, polepole, duara, na duara tena, mahali pasipoonekana na mtu mwingine.

Wewe uliyefika mpaka kwenye ukuta huu, ungemwambia mtoto huyu neno gani, aamini kwamba hata akiyasema yote, mama yake hatabaki peke yake?