Kwa Baiskeli Hadi Gembe, Kupitia Nyumba Isiyofaa

Nadhiri haikuwa yangu. Ilikuwa ya rafiki yangu Okoth, fundi wa redio pale Migosi, mtaa wetu wa Kisumu. Alikuwa ameacha pombe tangu Pasaka, na aliapa kwamba kabla ya kupeleka wajumbe wa posa Uyoma, nyumbani kwa mchumba wake Akinyi, angekwenda kwanza kusali juu ya kilima cha Gembe, ng'ambo ya ghuba. Wazee wa kanisa letu walisimulia kwamba Wakristo wa kwanza wa Kisumu walifika huko kwa miguu, wakiimba njia nzima. Sisi, watu wa miaka ya themanini, tulichukua baiskeli. Mimi nilikwenda kwa sababu nilikuwa na likizo na mdomo usiopumzika.

Tuliondoka alfajiri. Tulipopita Milimani, mtaa wa matajiri, askari wa lango moja kubwa aliangalia blanketi na sufuria zilizofungwa kwenye keria zetu. "Mnahama au mmefukuzwa?" akauliza. Okoth alimjibu kwa kengele. Kisian mnyororo wangu ulichomoka, na milima ya mbele yake tuliipanda tukisukuma, tukijifanya tumeamua kutembea kwa heshima ya mahujaji wa zamani.

Jioni ilitukuta Seme, kwa mjane aliyeitwa Mama Dorina. Kabla hata hatujaketi, alianza: wewe mtoto wa nani, mama yako ametoka wapi, na nyanya yako je? Alipomaliza, Okoth alikuwa amegeuka mpwa wake, akapewa kichwa cha samaki. Mimi nilipewa mkia.

"Wewe ulizaliwa mbali," aliniambia akicheka. "Lakini kula tu."

Asubuhi, njiani, bado nilikuwa nanung'unika. "Kesho sijibu maswali ya ukoo. Sisi ni mahujaji, si ng'ombe wa mnada."

"Omera," Okoth akasema, kwa maana ya ndugu yangu, "wanauliza ili wajue wakuweke wapi."

"Waniweke karibu na chakula."

Uyoma tulifika siku hiyo jioni, mvua ikitupiga, gurudumu la Okoth likiwa na pancha. Tuliingia boma la kwanza tuliloliona. Lilikuwa na ua mzuri wa minyaa na nyumba ya mabati. Mzee wa nyumba alitukaribisha, akavuta viti, akaanza: "Karibuni, wanangu. Ninyi ni wa nani?"

Okoth alifungua mdomo. Mimi niliwahi. "Mzee, ni wasafiri tu wa Kisumu, tumelowa na tuna njaa. Ukoo wetu ni barabara."

Mzee alicheka kwa adabu. Hakuna anayemsaili mgeni anayetetemeka. Kuku alichinjwa, ugali ukaletwa. Okoth alishika paja, akainua macho ukutani palipotundikwa picha za familia, kisha akalirudisha paja kwenye bakuli, polepole sana. "Naangalia baiskeli," akasema, akatoka kwenye mvua.

"Mwenzako anaumwa?" mzee akauliza.

"Haumwi, Mzee. Ana mchumba huku kwenu, basi anaogopa kila kivuli. Ungemwona mwaka jana! Alikuwa analala mtaroni, redio za watu kwapani. Sasa anakwenda Gembe kumwonyesha Mungu kwamba mikono haitetemeki."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu. Mama wa nyumba, aliyekuwa analeta maji, alisimama mlangoni.

"Anaitwa nani?" mzee akauliza.

"Okoth. Fundi wa redio."

Mzee aligeukia ukuta, akaonyesha picha ya msichana aliyeketi nyuma ya cherehani. "Huyu ni Akinyi wangu."

Niliweka mfupa chini. Kwetu mchumba haingii kwa wakwe kabla ya wajumbe, sembuse kula kuku wao. Mama alijifunika uso kwa leso, akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Amekula?" mzee akauliza.

"Hajaonja, Mzee. Alishika tu."

"Basi mtalala kwa ndugu yangu, boma linalofuata. Mwambie sikumwona. Na mama hakumwona." Akanisindikiza mlangoni. "Lakini hayo ya mtaro nimeyasikia."

Okoth alikuwa nje ya ua, ameipa nyumba mgongo, maji yakimchuruzika. Nilimwambia hakuonekana. Alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Nusu ya pili ya habari, ile ya mtaro, ilinishinda kusema.

Asubuhi, kwenye gati la Luanda Kotieno, tulipakia baiskeli kwenye boti ya injini juu ya magunia ya omena, dagaa wa ziwani. Okoth alipiga mluzi hadi katikati ya maji. Sikuweza kumwacha akasali akiwa na nusu ya habari, nikamwambia yote.

Mluzi ulikatika. "Ulicheka ulipokuwa unasema?"

"Nilicheka."

"Na wao?"

"Hapana."

Alitazama maji mpaka tuliposhuka Mbita, ng'ambo, na Gembe akaipanda mbele yangu. Juu palikuwa na kanisa dogo la mabati, upepo, na ziwa limetandazwa chini kote. Alipiga magoti muda mrefu. Aliposimama alisema, "Tukirudi, tunapita pale."

Tulipita. Okoth alisimama barabarani, mgongo kwa lango. Mzee alikuja hadi kwenye minyaa, upande wa ndani. Mimi nikawekwa katikati.

"Mwambie Mzee ni kweli," Okoth akasema. "Mtaro ule naujua."

"Mwulize huyo nisiyemwona, hajanywa tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Pasaka ni juzi. Ijayo ikimkuta hivyo hivyo, alete wajumbe." Kisha redio ikapitishwa juu ya ua. "Na mwambie hii haishiki stesheni."

Okoth aliitengeneza pale pale, ameketi kwenye majani. Ilipoanza kuimba, nilisikia mama akicheka nyuma ya nyumba.

Tulirudi Kisumu tumeungua jua. Nimezeeka nikielewa kwamba maswali yale marefu ya mlangoni yanamlinda mgeni dhidi ya mdomo wake mwenyewe. Watu wawili walingoja karibu mwaka mzima kwa sababu mimi nilitaka kuchekesha.

Pasaka ilimkuta Okoth mkavu, bila tone la pombe. Wajumbe walikwenda, wakapokelewa vizuri, na mimi nilipata habari waliporudi. Nilimwuliza kwa nini hakunichukua. Alinishika bega, bila hasira hata kidogo.

"Omera," akasema, "wewe kule ulishaongea."