Mlinzi wa Kizuizi cha Hifadhi

Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, Walikale. Manyunyu tangu alfajiri.

Hifadhi yetu inasimamiwa na serikali pamoja na kampuni. Mlinzi wa kizuizi, jirani yangu, hufua kofia na shati lake kila jioni na kuvianika kila kimoja mahali pake, kama vya watu wawili. Akiombwa njia, hugusa kofia na kusema kwa upole: "Hii njo ya serikali." Kisha shati: "Na hii njo ya kampuni. Mimi niko tu hapa." Mkono mwingine hauachi mti wa kizuizi.

Siku hiyo tulibeba jeneza la mume wa Mama Bénédicte, azikwe kwenye makaburi ya baba zake, ambayo sasa yako ndani ya hifadhi. Mlinzi aligusa shati. "Mama, kampuni itakutuma kwa serikali." Akagusa kofia. "Na serikali itakurudisha kwa kampuni."

Mama Bénédicte alimtazama akiurudisha mkono huo kwenye mti. "Papa, na mikono yenye kushika huu muti, iko ya nani?"

Mlinzi hakuuachia mti. Tulimzika marehemu kando ya barabara.

Kesho yake asubuhi gari la kampuni lilipopiga honi, mlinzi aliuinua mti kwa bega, mikono yote miwili ikiwa mifukoni.