Mama wa Ziwa na Taji la Muhoroni

Ufuoni kwetu wakisikia jina langu hutema mate. Wanasema mimi ni jajuok, mchawi, eti niliita mauti kwa mdomo wangu mchana watu wakisikia. Basi nitasema yote, na majina nitayataja, kwa sababu langu wamelitaja vya kutosha. Haya sikuambiwa na mtu. Mikono niliyoinua siku ile ni hii ninayoandikia, na ukiona herufi zangu zinatambaa kama kaa, usidhani ni shule peke yake niliyokosa.

Na usingoje nikwambie ilikuwa usiku wa manane na bundi analia. Ilikuwa mchana, jua la utosini, jua la kukausha omena, dagaa wetu wa ziwani.

Kanisani kwetu, ukitoka Kisumu ukifuata maji, tulikuwa na sanamu ya Bikira Maria. Si ya saruji wala plasta. Ya mti, mti mwepesi, mtoto angeweza kuinyanyua. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikatika zamani na hakuna aliyekirudisha. Kabla sijaolewa huko, mtumbwi uliombeba kwenda kubariki maji ulipinduka. Mama akaelea. Mjane aliyekuwa amemfunga kifuani akaelea naye kama mtu aliyeshika boya, mpaka wakaokolewa wote wawili. Tangu hapo tukamwita Mama wa Ziwa, na tangu hapo ikawa mila isiyovunjwa: siku ya sikukuu yake ya Agosti, anabebwa na mjane ambaye mume wake alichukuliwa na maji. Anamfunga kifuani kwa leso kama mtoto mchanga. Mtumbwi unapigwa kasia, hakuna injini. Na kichwani Mama anavaa leso ya mjane mwingine, basi. Hakuna dhahabu. Tulikuwa tukisema, huyu ni mwenzetu, naye alizika wake.

Mwaka huo leso ya kichwani ilikuwa zamu yangu. Kumbeba ilikuwa zamu ya Perpetua.

Perpetua ni nani? Nyieka wangu, mke mwenzangu. Tuliolewa na mwanamume mmoja, tukagombana juu ya sufuria, juu ya kuku, juu ya kila kitu. Mume akiwa hai kanisa lilitunyima komunyo. Ziwa lilipomchukua tukawa wajane safi, tukapewa sote. Siku hiyo tulitoka kanisani tukicheka hadi machozi. Perpetua akasema, "Nyieka, kumbe Yesu alikuwa anangoja tu huyu mzee aondoke!" Tangu siku ile hatukugombana tena kwa ukweli, ila kwa mchezo. Nilikuwa na nani mwingine? Yeye ndiye aliyekuwa nyumba yangu.

Sasa waingie waharibifu.

Wa kwanza ni Ogada. Ogada alikuwa na malori ya miwa huko Muhoroni, na alitaka kiti cha siasa. Akanunulia wazee ng'ombe, wakamvika kofia ya manyoya na kumshikisha usinga, wakamwita Ruoth, yaani mfalme. Mfalme wa nini? Mfalme wa malori! Lakini akishaitwa hivyo akaanza kuamini. Siku moja akasimama kanisani akasema, "Mfalme hawezi kumwacha Malkia kichwa wazi." Akatoa taji, eti limetoka Roma.

Wa pili ni Fidelis, mwenyekiti wa kamati ya kanisa. Huyu alipiga makofi hadi miwani ikaanguka. Wa tatu ni Bonifasi, katekista. Padri wetu alikuwa mgonjwa, amelazwa, na Bonifasi akajiona yeye ndiye askofu. Nilipompelekea leso yangu akaniambia, "Mama, leso na taji havikai kichwa kimoja. Umasikini mwaka huu upumzike." Akaitupa juu ya benchi. Leso yangu nzuri, ya manjano, yenye tundu moja dogo ambapo mafuta ya samaki yaliruka.

Na hilo taji walilifungaje? Sikiliza. Lilikuwa zito, likawa linamteleza Mama. Wakamtoboa kichwa. Wakapitisha bolti, wakakaza na spana. Mama wa Mungu, wakamtoboa kama trela!

Siku ya sikukuu nilikaa nyumbani kwa hasira. Baadaye nikasema, hata hivyo nyieka wangu anabeba, niende nimwone. Nikashika njia ile inayopita katikati ya nyavu za kuanikia omena. Watu wote walikuwa wamekwisha teremka majini. Ngoma nilizisikia kwa mbali.

Nikaona mwanamke anakuja kutoka upande wa kanisa. Shingo ameikaza, mgongo wima, anatembea vile tunavyotembea tukiwa na ndoo imejaa kichwani. Lakini kichwani hapakuwa na kitu. Niamini. Hapakuwa na kitu kabisa. Na alikuwa amelowa, maji yanamtiririka mpaka kwenye visigino, na mvua hatukuwa tumeiona kwa wiki nyingi.

Alipofika mbele yangu akasimama. Akasema, "Nitue, mama. Shingo inavunjika."

Wewe ungefanya nini? Ungemcheka? Labda huko kwenu. Kwetu mwanamke akikuambia nitue, unamtua. Hata kama jana mlirushiana matusi kisimani, hata kama amekunyang'anya mume, unainua mikono, unampokea mzigo, ndipo ugomvi uendelee. Mikono yangu iliinuka kabla akili haijauliza mzigo uko wapi.

Nikashika chuma.

Nakuapia. Macho yangu yaliona hewa, mikono yangu ikashika chuma baridi, chenye meno juu, kizito kama jiwe la kusagia. Nikavuta. Hakikutoka. Nikavuta tena, viganja vikalia kwa maumivu, na yule mama akafumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

"Hakitoki," nikasema.

"Wamekikaza," akasema. "Kimbia. Waambie wanitue kabla sijaingia majini. Hivi nilivyo sitaelea, na aliyenibeba nitakwenda naye."

Hapo ndipo nilipoangalia alichojitanda mabegani. Leso ya manjano. Tundu la mafuta ya samaki. Na mkono ulioishika leso ile, wa kushoto, haukuwa na kidole cha mwisho.

Akanipita. Nilipogeuka njia ilikuwa tupu, ila omena juu ya nyavu zilikuwa zimelowa, mstari mmoja mrefu, pale maji yake yalipodondokea.

Nilikimbia. Nina mwili mzito lakini nilikimbia. Nikafika ufuoni, na kitu cha kwanza nilichokiona ni Fidelis ameshika leso yangu, kavu kabisa, anapangusa kiti. Kiti cha Ruoth! Walikuwa wameweka kiti kikubwa chenye mto mwekundu mbele ya mtumbwi, na nyuma wamefunga injini. Ogada amekaa na usinga wake, amevaa jaketi la kuokolea maisha, watu wake nao wamevaa. Wajane hawakupewa hata moja. Perpetua amekaa chini, miguuni pa mfalme, Mama amefungwa kifuani pake, taji linang'aa mpaka linaumiza macho.

Nikapiga yowe, "Mlitoe hilo taji! Mama hataelea!"

Fidelis akaniambia, "Wewe mama, nani amekuambia atatupwa majini?"

"Yeye mwenyewe ameniambia. Nimekutana naye hapo kwenye nyavu."

Watu wakacheka. Bonifasi akasema kwa sauti ile yake ya kusomea injili, "Bikira Maria akitaka kutoa ujumbe ataanza na kamati, hataanza na muuza omena." Wakacheka zaidi. Ogada hakucheka. Akauliza, "Huyu ametumwa na nani?" Alidhani ni siasa.

Nikaingia majini na nguo zangu, nikashika ukingo wa mtumbwi karibu na Perpetua. "Nyieka, shuka. Fungua leso ushuke, nakuomba."

Akanitazama, macho yanacheka. "Wivu wako hauzeeki? Leso yako imekataliwa, sasa unataka na zamu yangu?"

"Perpetua, mshike kichwa. Sikia uzito wake."

"Nausikia. Kifua kinaniuma kama nanyonyesha mapacha." Halafu akainama, akanong'ona, "Lakini mila ni mila. Nikimshusha, huyu mwenye usinga atampakata yeye. Unataka hivyo?"

Unaona? Alikuwa anamlinda. Sijawahi kulisikia hilo likisemwa katika mahubiri yao.

Nikapanda ndani nimfungue fundo mwenyewe. Fundo lilikuwa mgongoni, gumu, na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi tangu kule njiani. Nikiwa bado nahangaika, injini ikanguruma. Tukaondoka, mimi nimo.

Kwenye maji ya kina kulikuwa na mtumbwi mwingine wa mpiga picha. Yule kijana hana kosa, alifanya kazi yake. Ogada ndiye aliyesimama. Akasimama juu ya kile kiti, akainua usinga mkono mmoja, akainama na mkono mwingine akauweka kwenye taji ili picha ionyeshe nani amelitoa. Akasema, "Njooni huku wote, tuonekane!" Na Fidelis na Bonifasi na wale wengine, watu wazima, watu waliozaliwa karibu na maji, wakahamia wote upande mmoja.

Mtumbwi ulilala ubavu, kisha ukatufunika.

Mimi nilishika mtungi mtupu wa mafuta. Ogada alielea kama boya, usinga ungali mkononi. Fidelis alishikilia kiti cha mfalme. Wajane wenzetu walivutwa na wavuvi. Perpetua nilimwona mara moja tu. Alikuwa ananitazama kutoka chini ya maji, akiwa amekumbatia kile alichokibeba, na taji likitangulia. Nilizama kumfuata. Niligusa kitambaa. Vidole havikushika. Naomba uelewe hili: sikumwachia, ni vidole havikushika.

Yule Mama aliyeelea miaka yote, walimfanya azame.

Perpetua aliibuka baadaye, peke yake, karibu na matete. Waliomtoa ni wavuvi, si wale wakubwa, na wavuvi ndio walioniita. Leso yake aliyofungia Mama ilikuwa imekunjwa, ikalazwa begani kwake, imekunjwa vizuri vile mtu anavyokunja nguo ya kwenda nayo kanisani. Fundo nililoshindwa kufungua juani, nani alilifungua huko gizani chini? Na kichwani amefungwa leso ya manjano, kifundo cha mjane, nyuma ya shingo. Niliiangalia. Tundu la mafuta ya samaki.

Nililia, lakini moyoni nilisema asante. Mama hakuondoka naye. Alimrudisha nyumbani tumzike.

Mama mwenyewe hakuibuka mpaka leo.

Sasa ngoja usikie mwisho wa hao watu. Baada ya mazishi, fundi mmoja anayechomelea trela za miwa huko Muhoroni alisikia habari, akaja kwangu analia. Taji la Roma alilichomelea yeye, chuma cha trela, akalipaka rangi ya dhahabu. Aliambiwa ni la kuweka juu ya geti. Alisema hayo mbele ya kamati. Walimfukuza. Fidelis bado ni mwenyekiti. Bonifasi anafundisha watoto kuwa siku ile Mungu alitujaribu. Ogada ameleta sanamu mpya, kubwa, ya plasta, yenye taji kubwa zaidi na taa zinazowaka na kuzima, na ukutani kuna bamba lenye jina la Ruoth. Jina la Perpetua haliko. Jina langu ndilo liko, midomoni: jajuok aliyejua mtumbwi utapinduka. Nilijua, ndiyo. Nilisema, ndiyo. Aliyeonya ni mchawi, aliyesimama juu ya kiti ni mfalme. Haya ndiyo mambo yetu.

Nilihama. Niko Manyatta sasa, nauza omena kwa kopo, na debe nanyanyuliwa na majirani kwa sababu viganja vyangu havibebi tena. Hospitali wamepiga picha wakasema mifupa ni mizima.

Lakini kila Agosti, sikukuu yake ikifika, jua likiwa utosini, mikono huingia baridi ya chuma, na uzito unarudi palepale. Hapo huwa najua yuko njiani tena, anatembea na shingo imekaza, anatafuta wa kumtua.

Kwa hiyo nakuonya. Ukikutana na mwanamke mchana akakuambia nitue, usiangalie kichwani kwake kama kuna kitu. Inua mikono. Na mzigo ukikataa kutoka, usibaki kushangaa. Kimbia mahali watu wanapopiga makofi, umtafute yule aliyelitoa taji, umpigie kelele mbele ya watu wote. Watakucheka. Watakuita jina baya. Piga kelele tu, na wewe usichelewe kama mimi nilivyochelewa kwenye lile fundo.