Kiti Kisichokwaruzwa

Mtaani walimwita Bi Sponji kwa sababu ya nywele zake. Kila jioni zilijaa chembechembe nyeupe za sponji, utadhani ameshinda akichambua pamba. Alikuwa amevika viti vitambaa na ngozi kwa miaka ishirini: makochi ya watu, viti vya basi, viti vya kinyozi. Mkono wake ulimjua mtu kwa kiti chake. Akilivua kochi kitambaa, angekwambia mwenyewe anaumwa nyonga ya kushoto, au kwamba mume na mke wa nyumba ile hawakai tena upande mmoja. Watu walicheka, lakini hawakubisha.

Siku meneja wa ukumbi wa sinema alipompigia simu kumwambia kwamba viti sitini vimeharibika kwa siku nane, aliuliza jambo moja tu.

"Mmeingiwa na panya?"

"Ni watu," meneja akasema. "Njoo uone mwenyewe."

Alikwenda asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu na taa zote zinawaka. Mikono ya viti, ile ngozi bandia nyekundu aliyoivika yeye miaka miwili nyuma, ilikuwa imechanika. Haukuwa wembe; watoto watukutu hutumia wembe, na mkato wake huwa mnyoofu. Hii ilikuwa mistari minne minne, mifupi, imepinda kuelekea ndani. Bi Sponji akaweka vidole vyake juu ya mistari ya kiti cha kwanza. Vikaenea sawasawa. Akauondoa mkono upesi, kama aliyegusa pasi ya moto.

Mkata tiketi, mzee mwembamba ambaye maneno kwake yalikuwa chakula, alimfuata nyuma na ufagio wake.

"Ni filamu gani hiyo, mzee wangu?"

"Ya wasomi. Hakuna muziki, hakuna kufukuzana. Mwanamke yuko jikoni, anaosha vyombo. Chumba cha pili yuko mwanamume na mwanamke mwingine, na anayomfanyia huyo mwanamke, wewe acha tu. Mlango uko wazi kidogo, unaona kidogo. Kusikia, unasikia yote. Na yule wa jikoni hageuki. Anaosha sahani, anaifuta, anaiweka. Dakika arobaini."

"Na watu wanalipa kuja kuona hayo?"

"Wanalipa, halafu wanarudi na ndugu zao. Siku ya kwanza mwalimu mmoja alitapika ndani ya kofia yake. Bwana mwingine alicheka mwanzo mpaka mwisho, hawezi kuacha, mpaka mkewe akamziba mdomo. Wapo wanaosema ni uchafu mtupu. Wapo wanaosema hawajaona kazi kubwa kama ile. Ila wote ni wamoja kwa jambo moja: wakitoka, hawaendi nyumbani. Kaa leo utaona."

Bi Sponji akaanza kuvua mikono ya viti, safu kwa safu. Safu ya sita, kiti cha tisa, akasimama. Kiti kile hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umeng'aa, laini, kama mbao ya ngazi iliyoshikwa na vizazi. Mtu alikuwa ameupapasa kwa kiganja, taratibu, siku baada ya siku, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Hapa hukaa nani?"

Mzee akaacha kufagia. "Bibi mmoja. Kila siku yupo, wa kwanza kununua tiketi. Mtulivu, mtu wa heshima zake. Nikikwambia ukweli, mimi simtazami usoni."

Alasiri ile Bi Sponji alibaki kwenye baraza la ukumbi, akishona vifuniko kwa sindano iliyopinda. Filamu ilianza saa tisa. Kwa muda mrefu ukutani hakukupita kitu ila mlio wa maji ya bomba. Kisha akasikia sauti ya mtazamaji, ya chini, ya mtu anayeomba apishwe njia.

"Geuka."

Ikafuata nyingine. Halafu nyingi, za wanaume na wanawake, zisizokwenda pamoja na zisizopandishwa: geuka, mama, geuka, hebu geuka. Kisha zote zikakatika mara moja. Maji yakaendelea kutiririka. Bi Sponji akatazama chini, akaona sindano imemwingia kidoleni naye hakuhisi.

Walipotoka, jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa. Walijaa uani, watu kama mia, wakasimama. Wengine walishika funguo za magari mkononi. Hakuna aliyepiga hatua kwenda getini. Kila mmoja alionekana anamngoja mwingine ampe mgongo kwanza. Katikati yao, amevaa mtandio wa kijani ambao Bi Sponji mwenyewe alimnunulia, alisimama dada yake mkubwa. Uso wake ulikuwa umepumzika, uso wa mtu aliyetoka kulala usingizi mzuri.

Dada huyo alikuwa akiishi kwake tangu afiwe na mumewe, miaka mitano sasa. Kila alasiri, kwa siku nane, alikuwa akiaga kwamba anakwenda kumtazama rafiki yake mgonjwa.

Bi Sponji hakumsogelea. Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Dada alipoingia, alivua viatu, akasema, "Mgonjwa anaendelea vizuri."

Yapo mambo ambayo Bi Sponji hakuwahi kuyatia mdomoni. Alipokuwa msichana anajifunza ufundi, aliishi kwa dada yake huyo, chumba kilichogusana ukuta na chao. Shemeji alikuwa mtu wa salamu, mtaa mzima ukimsifu. Lakini alikuwa na jioni zake. Akisharudisha mlango wa chumbani, Bi Sponji alikaa kwenye cherehani na kukanyaga, akakanyaga mpaka chumba kitetemeke. Asubuhi dada alitoka na mikono mirefu ya gauni, hata jua likiwa kali. Mashangazi walisema ya ndoa hayaingiliwi. Shemeji alikufa kwa presha, akazikwa kwa sifa.

Kesho yake Bi Sponji alinunua tiketi ya kiti cha kumi, safu ya sita. Dada hakushtuka. Aliondoa tu mkoba wake ili mwenzake akae.

Yaliyokuwa kwenye pazia la sinema hakuyaona yote. Aliuona mgongo wa yule mwanamke wa jikoni, na mafundo ya aproni yake, na viwiko vikienda. Sauti za chumba cha pili zilipoanza, vidole vyake vyenyewe vilitafuta mkono wa kiti. Pembeni yake kiganja cha dada kilikuwa kinapapasa, polepole. Kisha dada akamwinamia sikioni.

"Sasa. Wasikilize."

"Geuka," mtu akasema nyuma yao. "Geuka, mama." Zikaenea ukumbi mzima. Dada akafumba macho, akasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ikinyesha juu ya bati.

Nje, katikati ya watu waliosimama, Bi Sponji alisema bila kumtazama, "Dada, nilikuwa nasikia."

"Najua. Ulikuwa unashona nini?"

"Sikuwa nashona kitu. Cherehani haikuwa na uzi."

Dada akatikisa kichwa taratibu. "Miaka yote nilidhani angalau ulikuwa na kazi ya mtu."

"Unanichukia?"

"Sijui, mdogo wangu. Bado natazama." Akarekebisha mtandio wake. "Hapa wanamwambia. Kila siku wanamwambia, watu nisiowajua. Yeye hageuki, lakini wanamwambia."

Akamshika mkono, wakaelekea getini. Walikuwa wa kwanza kutoka. Nyuma yao wakasikia nyayo, kwanza chache, kisha za wote, zikianza kusogea.

Filamu ilikaa siku sita zaidi, na siku zote sita walikwenda. Siku ya nne Bi Sponji alifungua kinywa na neno likatoka, dogo, likapotea kati ya mengine. Kiganja cha dada kikatulia papo hapo, na hakikusogea tena mpaka taa zilipowaka.

Baada ya hapo ukumbi ulileta filamu za kuchekesha, na rafiki mgonjwa hakutajwa tena. Sasa, alasiri kazi ikipungua, dada huja na kigoda chake karakana, akakaa na kusimulia. Husimulia jioni moja kwa siku, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Bi Sponji huzima redio, akageuza kiti chake, akamtazama usoni mpaka amalize. Wamefika mwaka wa tatu wa ndoa ile. Ilidumu miaka kumi na tisa.