Siku Baba Alipoinua Bendera ya Kijani

Harufu ya mafuta meusi yaliyopakwa mataruma, yale magogo yanayobeba reli, ndiyo ninayoikumbuka kwanza, ikipanda na joto la Desemba hadi kooni. Kwetu Kanja hakukuwa na reli. Baba alifanya kazi kwenye kituo kidogo cha kijijini, ng'ambo ya Mto Tana, akiwaonyesha madereva wa treni bendera, na likizo hiyo, nikiwa na miaka minane, Mama alitupeleka kukaa naye, mimi na mdogo wangu Rwamba. Kutwa nzima tulikaa kwenye benchi la abiria tukitafuna miwa.

Juma la pili Rwamba alishikwa na homa kali. Asubuhi ya tatu hakumtambua mtu. Mama alikimbilia barabarani kutafuta gari, akatuacha na Baba. Punde ikatokea treni ya mizigo, ikielekea mjini, kulikokuwa na hospitali.

"Baba, isimamishe," nilimsihi.

"Hii haisimami kwa ajili ya mgonjwa. Nikiisimamisha, kazi yangu imekwisha. Ya abiria inakuja saa sita."

Akainua bendera ya kijani. Dereva akampungia mkono.

Treni ya abiria ilichelewa hadi jioni. Rwamba alikata roho saa tisa, kichwa chake mapajani mwa Mama, aliyekuwa amerudi bila gari. Baba aliniangalia mara moja tu, nami nikaelewa kwamba ninyamaze. Nilinyamaza tulipomzika Rwamba, na miaka mingi baadaye, tulipomzika Baba mwenyewe.

Mwezi jana Mama aliniomba nimpeleke kituoni. Mabati yameng'olewa, miiba imefunika reli, na mbuzi wanalala kwenye chumba cha tiketi. Alisimama amenishika mkono.

"Wawira, siku ile kuna treni ilipita?"

Nilitaka kusema sikumbuki.

"Ilipita, Mama."

"Najua. Niliisikia nikiwa kule barabarani. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniambie."

Siku hizi barabara ya lami inapita nyuma ya kituo, na zahanati iko hatua chache tu. Mtoto mwenye homa hufikishwa kabla uji wake haujapoa. Nilimwonyesha Mama zahanati hiyo, nikidhani nitamfariji. Aliipa kisogo, akageukia reli.

"Baba yako alikufa na jambo hili moyoni," alisema, "na wewe umezeeka nalo. Mngeniambia, tungelibeba sote watatu."