Nani atamwaga maji nyuma ya Defne?

Jumamosi asubuhi gati ya Kuzubuku inanuka vanishi na mkate wa moto. Nahodha Rifki Tuzcu amekaa kwenye mgahawa wa Selami, ameipa bahari mgongo. Kwa mtu wa pwani hii, kukaa hivyo ni kama kununiana na ndugu wa damu.

Nyuma yake, jahazi lake la milingoti miwili, Defne, linapakia abiria. Matikiti yanapita, masanduku yanapita, watoto wanakemewa wavue viatu kabla ya kukanyaga sitaha. Rifki hageuki.

"Mizigo yote anaijaza upande mmoja," ananung'unika. "Litalalia ubavu kama punda mvivu."

Hajaona chochote. Amesikia tu.

Anayepakia ni Sevim, binti yake wa pekee. Leo, kwa mara ya kwanza, ndiye nahodha. Familia ya Bibi Mualla kutoka Izmir imelikodi Defne kwa juma zima la mapumziko, lipite kwenye makaburi ya miambani na ghuba ya kuta zilizozama, kisha lirudi. Wakala aliyeleta wateja hao amesema wazi: Defne lisipoondoka asubuhi hii, wote waliolikodi kiangazi hiki watahamishiwa kwenye majahazi ya kampuni kubwa ya ng'ambo ya ghuba. Hapo halitabaki la kufanya ila kuliuza.

Rifki mwenyewe hawezi kuliendesha. Leseni yake ilipokwisha, ofisi ya bandari ilimpeleka kwa daktari wa macho.

"Alinitazama kwa muda wa kunywa nusu glasi ya chai," anasema. "Akapiga muhuri. Watu ambao hata kasia hawajalishika ndio wananiambia mimi sioni bahari."

Aliacha shule darasa la tano akawa anawachemshia chai wazamiaji wa sifongo. Mbao za Defne alizichagua mwenyewe, mti kwa mti, na fundi aliyeliunda alilala nyumbani kwake majira mawili ya baridi. Siku hizo, anasema, mtu aliomba kazi kwa mikono yake. Siku hizi anaomba kwa karatasi, na karatasi zote ziko mezani kwa mtu aliyekwenda kula.

Ukimsikiliza kwa haraka utadhani hasira yake yote ni ya leseni. Sivyo. Hasira inaanzia kwa Nuriye.

Nuriye alikuwa mkewe. Hakusafiri kamwe, bahari ilimtapisha hata jahazi likiwa limefungwa gatini. Kazi yake ilikuwa nchi kavu. Alipika majani ya mizabibu yaliyoviringiwa wali, akayapanga kwenye sufuria kama sigara, akayaleta gatini yangali na joto. Kisha, kamba ya mwisho ikifunguliwa, aliinua jagi lake la shaba na kumwaga maji nyuma ya jahazi, ili safari iende laini kama maji na irudi vivyo hivyo. Kila nyumba hapa humwaga maji nyuma ya msafiri. Anayebaki ndiye anayemwaga.

"Siku moja alichelewa," Rifki anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Mkate uliungua. Nilikuwa nimeshatoka nje ya ghuba. Nikageuza jahazi na Wajerumani kumi ndani, nikarudi, akamwaga, nikaondoka tena. Wale Wajerumani walidhani nimesahau nanga."

Nuriye alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Kifua kilimbana alfajiri. Zahanati ya Kuzubuku ilikuwa imefungwa, daktari wake amehamishiwa upande wa mahoteli, kwa hiyo gari la wagonjwa lilitoka mjini likazunguka mlima mzima.

"Walipofika, chai niliyomwekea ilikuwa imepoa. Na yeye vilevile," anasema, kisha anafuta meza ambayo Selami ameshaifuta.

Zahanati imefungwa hadi leo. Mlangoni pamebandikwa tangazo la kuwatakia wananchi afya njema.

Viangazi viwili vilivyofuata, Defne halikutoka. Rifki aliwaambia watu mbao zinavuja. Hazikuvuja hata tone. Hakuwa na mtu wa kubaki gatini, basi. Leo alfajiri Sevim alimuuliza kama atakuja kumsindikiza. Akajibu ana shughuli mgahawani. Shughuli gani, baba? Kunywa kahawa.

Sasa injini ya Defne inanguruma. Inanguruma, lakini jahazi haliondoki.

Bibi Mualla, ambaye amekodi jahazi hili tangu wajukuu zake hawajazaliwa, ameuliza kuna nini. Sevim amemjibu kwamba anasubiri upepo utulie. Maneno hayo yamepita kutoka mdomo hadi mdomo mpaka mgahawani.

"Upepo gani?" anauliza Selami, akiwa na trei mkononi. "Leo hata kitambaa cha meza hakisogei. Binti yako anasubiri kitu kingine, kaka Rifki, na wewe unakijua."

"Anachoma dizeli yangu bure."

"Basi nenda ukamwambie."

"Mimi nimekuja kunywa kahawa."

Selami anaiweka kahawa mezani. Pembeni yake anaweka glasi ya maji, kama anavyomwekea kila mteja, kwa kuwa hapa mtu huosha kinywa kwa maji kabla ya kahawa. Rifki anaishika glasi. Anaifikisha karibu na mdomo, na hapo mkono wake unasimama.

Injini inakohoa. Anakijua kikohozi hicho. Ni Sevim anapunguza moto, kisha anaongeza, kisha anapunguza, kama mtoto anayezungusha pindo la gauni akisubiri kuitwa.

Rifki anainuka. Kahawa anaiacha. Glasi anaibeba kwa mikono miwili na kutembea nayo kuelekea gatini, polepole, huku Selami akimfuata na trei tupu.

Mikono yake si ile ya zamani. Anapofika kwenye bomba la gati, nusu ya maji imeshalowesha shati. Anageukia bomba aongeze. Bomba lina kufuli na kijisanduku cha kuingizia kadi. Wakubwa wa bandari wameweka hivyo tangu mwaka jana. Maji ya mlima uleule, ila sasa yanataka kadi.

"Hata maji ya kumwaga wameyafungia," anasema. Anatukana kidogo, kwa sauti ya chini, kwa sababu ya watoto.

Kisha anafika ukingoni. Sevim yuko kwenye usukani. Amevaa kofia ya baba yake, ile iliyopauka, na ameitazama gati muda wote huo bila kukubali kwamba anaitazama.

"Umechelewa, baba," anasema.

"Mizigo ihamishe. Imelalia kushoto."

"Nimeshaihamisha."

"Sawa, nahodha."

Neno hilo linawafanya watu wa gatini wageuke. Sevim anaashiria kamba ya mwisho ifunguliwe, na Defne linaachana na ukuta taratibu, bila kugusa. Bibi Mualla ameweka mkono kifuani.

Rifki anamwaga. Ni maji kidogo mno, hayafiki hata kwenye tezi, nyuma ya jahazi. Yanaanguka juu ya mawe ya gati na juu ya kandambili zake mwenyewe. Anaitikisa glasi mpaka tone la mwisho.

Defne linaelekea kwenye mlango wa ghuba. Kuupita bila kugusa mwamba, nahodha hulinganisha mlango wa kaburi la kale lililoko jabalini na msonobari ulio chini yake. Rifki amekaza macho huko. Baada ya muda anamwinamia Selami.

"Amelinganisha?"

Selami anamtazama. Wamejuana tangu utotoni, na siku zote hizi amekubaliana naye kwamba daktari yule ni mjinga.

"Amelinganisha, kaka. Mlango na mti, mstari mmoja. Anapita katikati kabisa."

"Tanga?"

"La mbele linapanda. Limejaa upepo wa nje ya ghuba sasa."

Rifki anaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejionea mwenyewe.

Wakirudi mgahawani anaeleza mipango yake. Jagi la shaba atalitoa kabatini na kuling'arisha. Majani ya mizabibu atajifunza kuyaviringa, ingawa Selami anasema atatoa sigara za askari jela, nene na zilizopinda. Na joto likipungua, abiria wa mwisho wakishaondoka, anataka kupanda Defne kama mgeni. Atalala sitahani, atalalamikia chakula, atamuuliza nahodha maswali ya kipuuzi.

"Siku hiyo nani atamwaga maji?" Selami anauliza.

"Wewe. Unadhani nimekuweka hapa kwa ajili ya kahawa yako?"

Anakaa mezani pake. Kiti amekigeuza; sasa kinatazama bahari. Kahawa imepoa, anainywa hivyohivyo.

"Jumamosi ijayo," anamwambia Selami, "niletee maji glasi mbili. Moja ya kunywa."