Barabara ya Mafiga

Wenzangu mliokwenda shule na michembe ya viazi vikavu mfukoni, mkaitafuna mwalimu akigeukia ubao, haya nawaandikia nyinyi. Vijana wakitaka kusoma, wasome. Wakichoka, simu zao ziko palepale.

Nyabusenyi tuliyokulia ilikuwa mji kwa kuitwa tu. Mtaa mmoja wa maduka ya bati, ghala la pamba, kanisa, mashine ya kusaga iliyokohoa tangu asubuhi, na ziwa kule chini. Katikati ya mtaa na ziwa palikuwa na mbuga ya tope jeusi, imejaa mafunjo marefu kuliko mtu. Juu ya mbuga walikaa Wasukuma wa pamba na ng'ombe, ndio watu wa Mlimani. Chini, kwenye mwalo inapotua mitumbwi, walikaa Wakerewe na Wajita wa nyavu, watu wa Mwaloni. Mlimani walisema ukitafuta nyumba ya mvuvi huna haja ya kuuliza, fuata nzi. Mwaloni walijibu kwamba mtu wa Mlimani huoga mara mbili, siku ya kuzaliwa na siku ya kuoa. Mimi nilitaniwa na pande zote, maana baba alikuwa Msukuma wa Mlimani na mama binti wa wavuvi wa Mwaloni waliotoka Ukerewe.

Tulicheza mdako kwa kokoto za ziwani, tukaruka kamba ya katani iliyofungia marobota ya pamba. Sabuni ya mche ilikatwa kwa uzi, kila nyumba kipande chake, na mama alikificha kama dawa. Hesabu tulifundishwa kwa visoda, vile vifuniko vya chupa za soda, darasa zima visoda ishirini, ukipoteza kimoja unachapwa. Halafu mwaka mmoja, nikiwa darasa la nne, visoda vikawa vingi mpaka tukavichezea barabarani. Ndipo nikajua kuna jambo limetokea nchini. Wakubwa walisema biashara sasa ni ruksa. Gulioni yakamwagwa marundo ya mitumba, mzee wa kanisa akatokea na koti la kike lenye vifungo vya dhahabu, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Na Mwanza vikafunguliwa viwanda vya samaki. Sangara, yule tuliyekuwa tunamkata na kumkausha mwambani kwa sababu hapakuwa na mnunuzi, sasa alitafutwa na magari yenye barafu. Shida ni kwamba gari lingefikaje Mwaloni? Lilikuja mara ya kwanza, likazama mbugani mpaka taa. Likaja mara ya pili, likavutwa na ng'ombe kumi na wawili. Dereva wake, mnene mmoja aliyeitwa Saidi, alisimama kwenye tope na ndala mkononi akatuambia, "Jamani, nawapenda, lakini gari si mtumbwi. Jumamosi ijayo ni mara ya mwisho. Nikishindwa, tajiri wangu atahamia mwalo wa ng'ambo, na huko akishajenga banda hatarudi."

Kwetu nyumbani neno hilo lilikuwa zito kuliko kwa wengine. Pamba ya baba ilikuwa imelala ghalani misimu miwili bila kununuliwa. Alikuwa ameshafunga godoro na sufuria. "Gari likipita, tunabaki," alimwambia mama. "Lisipopita, Jumatatu tunaelekea Geita machimboni. Watoto watasomea hukohuko." Mama aliendelea kupara samaki, ila magamba yaliruka mbali kuliko siku zote.

Basi mji ukakubaliana kujaza mbuga kwa mawe. Nasema ukakubaliana, lakini Mlimani na Mwaloni hawakuwahi kufanya kazi pamoja hata siku moja. Mlimani walikuwa na kikundi cha bugobogobo, wale wanaolima kwa ngoma, majembe yanapanda na kushuka kwa mpigo mmoja, kiongozi wao Mzee Masanja. Mwaloni waliongozwa na Mzee Mafuru, aliyekuwa na sauti ya kuita mtumbwi ulioko katikati ya ziwa. Wakaamua kushindana. Mlimani waanzie juu, Mwaloni waanzie chini, atakayefika katikati kwanza ale fahali.

Wenzangu, sijaona kazi kama ile tena. Ngoma ya Masanja ilianza jua likichomoza, na huku chini wavuvi walijibu kwa nyimbo zao za kuvuta nyavu za kokoro. Sisi watoto tulibeba mawe kichwani, wengine kwenye karai, wengine kwenye magunia ya pamba. Kila upande ulifyeka mafunjo mbele yake na kuyalaza chini kama godoro, mawe yakapangwa juu, na kifusi juu ya mawe. Wakati wa kula, ugali wa udaga wa muhogo na samaki furu wa kuchemsha ulisombwa kwa beseni. Walioishiwa pumzi walitukanwa vizuri tu. "Masanja, ngoma yako imechoka au wewe?" walipaza sauti kutoka chini. "Nyie vuteni tu, mmezoea kurudi nyuma," wakajibiwa.

Ijumaa alasiri tukasikia vishindo vya pande zote mbili vimekaribiana. Mafunjo ya mwisho yakafyekwa. Ngoma zikanyamaza.

Barabara zilikuwa zimepishana.

Ya Mlimani imefika katikati, imenyooka safi. Ya Mwaloni nayo imefika katikati, imenyooka safi. Na kati ya mwisho wa hii na mwisho wa ile palikuwa na hatua kama thelathini za tope, ubavuni. Hakuna aliyekubali kuuliza upande wa pili unalenga wapi. Masanja alilenga mwamba wa Mwaloni anaoujua yeye, Mafuru akalenga msalaba wa kanisa, na mafunjo yakawaficha wote wawili.

"Mzee mwenzangu," alisema Masanja, "yako imepinda."

"Yangu imenyooka. Pindisha yako."

"Mimi nimefika kwanza. Anayepindisha ndiye aliyeshindwa."

"Basi fahali wako mchinje mwenyewe, na gari ulibebe mgongoni."

Wanaume wale, waliokuwa wamebeba mlima mzima kwa mikono siku nne, wakakaa chini, kila kundi kwenye mwisho wa barabara yake, wakageuziana migongo. Baba yangu alikuwa miongoni mwa waliokaa, na wajomba zangu wamekaa upande wa pili. Nilimtazama baba nikaona godoro lililofungwa.

Mama alitoka Mwaloni akiwa na beseni tupu. Akasimama ukingoni.

"Baba Sabina," alisema, "mimi nimezaliwa huku, nimeolewa huko. Leo nipite wapi kwenda kukupikia?"

Mtu mmoja alicheka, akaacha.

"Haya, kama hakuna njia, hakuna kupika." Akanigeukia mimi niliyesimama nyuma ya baba. "Sabina, nenda nyumbani ukalete mafiga."

Mawe ya karibu yalikuwa yamekwisha, ndio maana. Nilikimbia nikang'oa mafiga yetu matatu, bado yana moto na majivu, nikayabeba kwa karai, kichwa kinaniungua. Mama akalaza mafunjo kwenye tope, akaweka figa la kwanza katikati ya zile barabara mbili. Wanawake wa Mwaloni walitazama, halafu bila kuambizana wakatawanyika kwenda majumbani kwao. Wa Mlimani wakaona aibu kubaki nyuma. Hazikupita dakika nyingi mji mzima ulikuwa unang'oa mafiga. Kila nyumba matatu. Wengine wakaja na mawe ya kusagia, bibi mmoja akaja na jiwe alilokalia mlangoni tangu aolewe.

Mzee Mafuru ndiye aliyeshtuka kwanza. "Mama Sabina, sasa tutakula nini leo?"

"Barabara," alijibu mama. "Mna mbili, gawaneni."

Hapo wanaume wakainuka. Masanja akachukua ngoma yake mwenyewe, akashuka topeni, na wavuvi wakaingia kwenye mpigo wa bugobogobo kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe. Walikuwa wanakosea hatua, lakini walikuwa wanajaza. Jua lilipogusa ziwa, barabara mbili zikawa moja yenye kona katikati, kali kama kiwiko. Tulilalia michembe mikavu mji mzima, na hakuna aliyelalamika.

Jumamosi Saidi alikuja. Alishuka Mlimani taratibu, kichwa nje ya dirisha, mji wote umepanga foleni pembeni kama anapita mkubwa wa serikali. Akafika kwenye kona, akasimamisha gari.

"Nani kaweka kona katikati ya mbuga?"

"Wake zetu," akasema Mafuru.

"Walitunyima chakula," akaongeza Masanja.

Saidi alicheka mpaka usukani ukapiga honi wenyewe. Akakata kona, gurudumu la nyuma likatikisika kidogo, likapita. Kelele zilizopigwa pale nadhani zilisikika hadi kisiwani Nansio. Baba alirudi nyumbani akafungua godoro. Fahali aliliwa na pande zote mbili, akachemshwa kwenye mafiga mapya.

Mimi shule niliacha darasa la tano, nikawapikia wapakiaji samaki palepale Mwaloni. Mtu asinionee huruma. Leo nina magari matatu ya barafu na nyumba ya ghorofa Kirumba, kule Mwanza, na wanaoniandikia barua wamesoma mpaka wamevaa joho. Nawalipa vizuri, ila hawajui kubeba jiwe. Wanangu huenda jimu, wananyanyua chuma, wanakirudisha palepale kilipokuwa, halafu wanapiga picha. Sisi tukinyanyua kitu kilikuwa kinakwenda mahali. Juzijuzi vijana wa Nyabusenyi waliunda kundi la simu la kujenga choo cha gulio. Jumbe mia nane, zote za kumtafuta mwenyekiti. Nikatuma mafundi, choo kikasimama, ndipo wakaanza kugombana nani akizindue.

Lami imefika sasa. Mhandisi kijana alitaka kuinyoosha ile kona, akachimba pembeni siku mbili, tope likammezea kijiko cha kuchimbia. Akarudi kwenye kona, akagonga chini, akakuta pagumu kama zege. Akaniuliza, "Bibi, hapa waliweka nini?" Nikamwambia aweke lami yake tu.

Mama ametangulia, baba pia, Masanja na Mafuru wamelala makaburi ya upande mmoja, na hakuna anayejua tena nani wa Mlimani nani wa Mwaloni. Makonda wa mabasi huita "Kona ya Mafiga, wapo?" bila kujua wanaita nini. Lakini dereva wangu anajua. Tukifika pale hupunguza mwendo kabla sijasema, maana nilishamwonya siku ya kwanza kabisa: hapa chini lipo jiko la mama yangu, na halijawahi kuzimika.